Barua ya Mtendaji Haifiki Toronto

Safari yangu ya Kanada ilianzia kwenye dirisha la masijala ya chuo nilichosoma. Nilikwenda kuomba nakala ya matokeo yangu, jambo jepesi kulisema. Tatizo ni kwamba taasisi inayopima vyeti vya wahamiaji haipokei nakala kutoka mkononi mwa mwenye cheti. Inataka chuo chenyewe kiiweke kwenye bahasha, kiifunge, kigonge mhuri pale bahasha ilipofungwa, kisha kiitume. Mwenye cheti asiiguse. Mama wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha miwani, akaniuliza: "Kwa hiyo kaka yangu, unataka nikupe cheti chako lakini nisikupe?"

Ndicho nilichokuwa nataka. Nilirudi pale hadi mlinzi wa getini akaacha kuniandikisha kwenye daftari lake. Mara anayesaini yuko semina Dodoma, mara mhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo kafiwa. Siwalaumu. Chuo kile kilizoea kuhudumia watu wanaosimama mbele yake, na ombi langu lilikuwa na dharau ndani yake: lilisema kwamba mimi niliyesimama pale siaminiki kubeba karatasi yangu mwenyewe hadi posta.

Baada ya bahasha yakaja majina. Kwenye cheti cha kidato cha nne nina majina mawili, kwenye cha chuo matatu, na kwenye pasipoti jina la babu limekaa mahali ambapo shuleni waliandika la baba. Kwetu hilo halimnyimi mtu usingizi. Kwa afisa wa uhamiaji anayesoma faili lako bila kukuona, hao ni watu watatu tofauti. Nikaenda kwa wakili kula kiapo kwamba wote ni mimi. Watoto walikuwa na vyeti vyao vya kuzaliwa vya RITA, safi kabisa, ila familia yetu ya watu wanne ilikuwa na majina matatu ya mwisho, kwa hiyo cheti cha ndoa nacho kikaingia kwenye faili, na juu yake barua ya kueleza ni nani mtoto wa nani.

Halafu kila karatasi ina umri wake. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza, ule wa IELTS, yanaishi miaka 2. Tathmini ya vyeti miaka 5. Uchunguzi wa afya miezi 12. Hati ya polisi ya tabia njema nayo ina muda wake. Ufundi wote wa maombi haya ni kupanga mambo ili karatasi zote ziwe hai siku moja. Najua watu waliofanya mtihani mapema kwa bidii, ukawazeekea mkononi kabla chuo hakijafunga bahasha.

Wanaoniuliza habari za kuhama huanza na baridi, wakitoka hapo wanakwenda kwenye ubaguzi na upweke. Yote yapo. Lakini kilichonichosha kuliko vyote ni kugeuka ghafla kutoka mtu anayejulikana kuwa mtu anayetakiwa kujithibitisha. Tabata, Dar es Salaam, nilikuwa najulikana. Mangi wa dukani alikuwa ananikopesha bila kuandika. Nikitaka kufungua akaunti au kumdhamini ndugu, nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji ananiandikia barua ya utambulisho, anagonga mhuri, yamekwisha. Mtendaji mwenyewe huenda hanijui, lakini anamuuliza mjumbe, na mjumbe anajua hadi mwaka niliohamia na niligombana na nani kuhusu mfereji wa maji machafu. Tumezoea kuidharau barua ile kwa sababu ya elfu mbili tatu zinazoachwa mezani. Mimi niliikumbuka sana.

Tulitua uwanja wa ndege wa Pearson, Toronto, Oktoba 2018. Afisa aliangalia karatasi zetu, akasaini, akatukaribisha kwa tabasamu, na ndani ya dakika chache mambo yaliyotugharimu miaka yakawa yameisha. Namba ya hifadhi ya jamii, ile ya tarakimu tisa ambayo bila hiyo huajiriwi, tuliipata upesi mno hadi tukadhani kuna kitu tumesahau. Nikajisemea nchi hii ni nyepesi. Tukafikia Brampton kwa binamu wa mke wangu, tukalala sebuleni kwake, tukaanza kutafuta nyumba.

Mwenye nyumba wa Toronto anataka mambo matatu: ripoti ya historia yako ya mikopo, barua ya mwajiri, na jina la mwenye nyumba wako wa zamani apige simu. Kazi hatukuwa nayo, kwa sababu waajiri walitaka anwani. Ripoti ya mikopo ilikuwa tupu. Mwenye nyumba wa zamani alikuwepo, Mwarabu wa Tabata, mtu mwema sana, ila hazungumzi Kiingereza na simu za namba ngeni hapokei. Dalali mmoja, kijana mtanashati mwenye suti, alinishauri kwa upole nilipe kodi ya mwaka mzima mara moja.

Nilicheka kwa sauti, naye hakuelewa. Kodi ya mwaka ni lugha ya Sinza na Mwananyamala. Sikutegemea kuikuta ng'ambo ya Atlantiki. Sheria ya upangaji ya mkoa wa Ontario ya mwaka 2006 inamruhusu mwenye nyumba kushika amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, ambayo inakuja kuwa kodi ya mwezi wa mwisho. Hawezi kudai zaidi. Lakini mgeni anayelala sebuleni kwa watu huitoa mwenyewe bila kudaiwa, na hapo ndipo funguo zinapopatikana. Sisi hatukuwa nayo. Fedha tulizoonyesha serikali kuthibitisha kwamba hatutakuwa mzigo zilikuwa za kula.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa Scarborough, mashariki ya jiji: besimenti yenye madirisha madogo juu karibu na dari, unaona miguu ya wapita njia. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kihindi aliyevaa sweta mbili juu ya salwari. Alisimama ngazini kimya huku mimi na mke wangu tukipima kwa hatua kitanda cha watoto kitakaa wapi, tukinong'onezana kwamba pengine akipunguza kidogo tutaweza.

"Bei haipungui," akasema, kwa Kiswahili.

Mimi niliduwaa. Mke wangu, aliyelelewa vizuri kunizidi, ndiye aliyewahi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Dar kubwa. Wapi?"

"Tabata."

"Tabata kulikuwa mashamba," akasema, kwa sauti ya mtu anayehisi anadanganywa. Akanigeukia. "Askari pale mjini, ile sanamu, bado iko?"

"Ipo, mama."

"Singe yake inaelekea wapi?"

Nashukuru nilifanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya Mtaa wa Samora, ambao yeye aliuita Independence Avenue. "Bandarini," nikamjibu. Akashuka ngazi mbili zilizobaki na kuketi.

Familia yake ilikuwa na jengo la ghorofa mbili Kisutu, duka chini, wapangaji juu. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu ilipotwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000, lao likaenda kwa Msajili wa Majumba. Alilisimulia bila uchungu, kama mtu anayetaja mwaka wa mvua nyingi. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda, na Kanada ikapokea zaidi ya 6,000 kati yao. Ndugu zao wa Dar, Tanga na Mombasa wakaiona njia, wengi wakafuata miaka ile ile. Ndiyo maana leo ukipita Don Mills au Thorncliffe Park unaweza kusikia wazee wakibishana kwa Kiswahili cha zamani ambacho hata Kariakoo kimepungua. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar, anaandikia Toronto, na riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1989 imejaa mitaa hiyo hiyo aliyokuwa akiniulizia bibi huyu.

Alichukua kodi ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa mwisho, kama sheria inavyoruhusu, pamoja na barua ya binamu wa mke wangu. Barua aliisoma juu juu, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Ripoti ya mikopo hakuitaja. Naamini askari wa Samora ndiye aliyetudhamini.

Watu wanaoisifu Kanada husema kule hakuna kujuana, unapata kwa sifa zako. Si kweli, au ni nusu ya kweli. Serikalini, ndiyo, sikuwahi kuombwa chochote wala kuulizwa natoka kwa nani. Lakini nyumba, kazi ya kwanza, daktari anayepokea wagonjwa wapya, fundi asiyekuibia, vyote nilivipata kwa mtu aliyesema neno. Tofauti ni kwamba kule neno hilo lina fomu yake, linaitwa rejea, na usipokuwa na wa kukusemea fomu inabaki tupu hata uwe na shahada ngapi.

Suala la mikopo lilinifanya nijione mjinga wa kulipwa. Alama za mkopaji Kanada zinaanzia 300 hadi 900, na mgeni hana sifuri, hana chochote kabisa. Ili uzipate lazima ukope, na ili ukope lazima uwe nazo. Benki iliniambia niweke dola 500 kwao, wazishike, halafu wanipe kadi ya kukopa isiyozidi dola hizo hizo. Yaani najikopesha fedha yangu, nanunua mkate, nalipa deni langu kwa wakati, nao wanaandika kwamba mimi ni mwaminifu. Niliwaza mikopo midogo ya kwenye simu yangu ya Dar, nilivyokuwa naikopa na kuirudisha miaka yote bila kukosa. Rekodi hiyo haikuvuka maji. Nikanunua mkate kwa kadi, nikalipa, na baada ya miezi kadhaa nikaanza kuwepo.

Baridi niiseme upesi kwa sababu ina dawa, na dawa yake inauzwa dukani. Makoti ya mtumba mazuri yapo, na wanaotangulia huwagawia wanaofuata. Mambo ambayo hakuna aliyetuonya ni madogo madogo: hewa ya ndani inayokaushwa na joto la mashine hadi watoto wanatoka damu puani usiku, vitasa vya milango vinavyokupiga shoti, barafu nyembamba isiyoonekana kwenye lami. Na giza. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtu wa besimenti anaweza kumaliza wiki bila kuliona. Hapo ndipo nyumbani wanapopiga simu, maana tumepishana saa nane. Kwao ni asubuhi njema, kwako ni saa tisa usiku, na wanaomba mchango wa sendofu.

Kazi, kama Watanzania wa huko wanavyosema, nilianza kubeba boksi. Nilikuwa mhasibu mwenye CPA, nikawa mtu wa ghala pembeni mwa Brampton, viatu vyenye chuma kidoleni, dola 14 kwa saa, ambazo mwaka ule zilikuwa kima cha chini cha Ontario. Sioni aibu yoyote, na ninawashangaa wanaoficha picha za ghala na kupiga za maporomoko ya Niagara. Mke wangu akapata kazi kwenye nyumba ya wazee, akawa analala mchana. Kila nilipoomba kazi ya hesabu jibu lilikuwa moja: huna uzoefu wa Kanada. Kodi ya zuio nilikuwa naijua, kufunga hesabu za mwezi nilikuwa nazijua, lakini nilikuwa nimezijulia mahali pengine. Mwaka 2024 bunge la Ontario lilipitisha sheria ya kuzuia matangazo ya kazi yasidai uzoefu huo. Sawa, lakini kuondoa sharti kwenye tangazo ni jambo moja, na kuliondoa kichwani mwa anayekusaili ni jingine.

Mlango wangu ulifunguliwa na kazi isiyo na mshahara. Mamlaka ya mapato ya Kanada ina mpango ambao watu wa kujitolea huwajazia wenye kipato kidogo fomu za kodi bure, kila Machi na Aprili, kabla ya tarehe 30 Aprili ambayo ni mwisho wa kuwasilisha. Wanafanyia kwenye maktaba, makanisani, kwenye vituo vya jamii. Nikajiandikisha kwa hesabu zangu za kihasibu: nitajifunza sheria zao za kodi, na nitapata mtu wa kunisemea. Sikujua kwamba nusu ya foleni ingekuwa inazungumza Kiswahili.

Walikuwa Wakongo, wengi wao wametokea kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Watu wazima walioingia Kigoma mwaka 1996 wakiwa watoto, wakaoana kambini, wakazaa kambini, kisha Kanada ikawachukua familia nzima. Mama mmoja wa Fizi aliketi mbele yangu na watoto watano, akanitolea barua iliyokunjwa. "Kaka, hii barua inasemaka nini?" Ilikuwa inahusu posho ya watoto. Serikali inamlipa mzazi kila mwezi kwa ajili ya watoto, lakini hailipi kama wazazi wote wawili hawajawasilisha fomu za kodi, hata kama hawakuingiza senti. Wageni wengi hawalijui hilo. Hufikiri fomu ya kodi ni ya mwenye mshahara.

Nilimuomba vitambulisho vyake, nikajiandaa kumsubiri apekue. Akafungua mfuko wa plastiki na kupanga juu ya meza karatasi zote, zimetenganishwa kwa vibanio, za kila mtoto peke yake, za mume peke yake, nakala nyuma ya halisi. Alikuwa hata na kadi ya zamani ya mgao wa chakula. Mume, mke na mtoto wa kwanza wote walizaliwa tarehe 1 Januari, kama wengi walioandikishwa na watu wenye haraka. Wakati mimi nilihangaika miezi kuunganisha majina yangu matatu, yeye alikuwa amebeba faili lake mgongoni karibu maisha yake yote. Kambini usipokuwa na karatasi huli. Alilipa pia deni la nauli ya ndege, maana Kanada huwakopesha wakimbizi gharama za safari nao hurejesha kidogo kidogo, na risiti za malipo zilikuwa kwenye kibanio chao, kwa tarehe. Nimefanya ukaguzi kwenye kampuni zilizoshindwa kunionyesha hivyo.

Msimamizi wa kituo kile ndiye aliyeniandikia barua ya rejea. Kiangazi nikaingia ofisi ndogo ya hesabu, nikaacha viatu vya chuma kwa kijana wa Bukoba aliyefika wiki ile.

Mwenye nia ya kuhama na watoto asiziache kadi za kliniki. Namaanisha zile kadi za kupimia uzito, zenye chati na maandishi ya wauguzi yasiyosomeka, ambazo mtoto akishavuka miaka mitano tunazitupa. Ontario haimwachi mtoto kukaa darasani bila rekodi ya chanjo au barua rasmi ya kusamehewa. Zetu zilikuwepo, lakini Tanzania inachanja surua na rubela, wao wanadai na matumbwitumbwi. Tetekuwanga nayo wanaidai kwa watoto waliozaliwa kuanzia 2010, sisi hatuichanji. Wakachomwa tena. Isingekuwa kadi, wangechomwa zote. Meno nayo mtu ayatibu kabla ya kuondoka. Bima ya afya ya mkoa, ambayo sisi tuliisubiri miezi mitatu kabla utaratibu huo haujafutwa Machi 2020, hailipii meno ya mtu mzima, na bei ya kung'oa jino moja ilinifanya nilitafunie upande mmoja hadi mwaka uliofuata. Blenda na pasi aviache. Umeme wao ni volti 120.

Leseni ya udereva ya Tanzania unaiendeshea siku 60 tu tangu uwe mkazi, kisha unaanza upya kwa mtihani wa maandishi. Miaka yako ya nyuma wanaweza kuihesabu, ikupunguzie kungoja, lakini kwa miaka mingi wanataka barua kutoka mamlaka iliyotoa leseni. Barua ya TRA ukiifuatilia mwenyewe Dar ni suala la kuamka mapema. Ukiifuatilia ukiwa Scarborough, ni suala la kuwa na mdogo wako mwenye subira. Kuendesha kulia kunazoeleka. Kinachotatiza ni kukata kona, kwa sababu kushoto ndiko kunakokukatiza mbele ya magari, na kulia unaruhusiwa hata taa ikiwa nyekundu, mradi usimame kwanza. Mwalimu wangu aliniuliza kwa nini natazama kioo cha pembeni kila baada ya sekunde. Bodaboda huwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kupitwa nayo.

Kitu kilichobaki nyuma kinasumbua kuliko ulichokuta mbele, na hili wahamaji wengi hatulipangi. Laini yangu ya simu ya Tanzania ndiyo iliyokuwa funguo ya kila kitu changu: benki inatuma msimbo kwenye namba ile, kodi ya chumba nilichokipangisha Tabata inaingia kwenye namba ile. Mwaka 2019 serikali ikaagiza laini zote zisajiliwe upya kwa alama za vidole, kwa namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Namba ya NIDA nilikuwa nayo. Vidole nilikuwa navyo pia, ila vilikuwa Toronto. Mwisho ulikuwa Desemba 31, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Yangu ikazimika. Benki ikasema kubadilisha namba lazima nifike tawini mwenyewe. Nikapanga kwenda Aprili. Machi dunia ikafungwa kwa korona.

Njia iliyobaki ilikuwa kumpa mdogo wangu hati ya uwakili, iliyothibitishwa na ubalozi wetu Ottawa, kilomita kama 450 kutoka Toronto. Ubalozi ulinihudumia vizuri. Hati ikafika Dar, mdogo wangu akaipeleka tawini, wakaisoma, wakaikubali, kisha wakamwambia uthibitisho wa mwisho utatumwa kwa msimbo kwenye namba ya mteja.

Ipo karatasi moja zaidi ambayo sijaichukua. Mkazi wa kudumu aliyekaa Kanada siku 1,095 ndani ya miaka mitano anaweza kuomba uraia, na nimeshapita hapo. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inasema mtu mzima akichukua wa nchi nyingine, wa kwetu unaondoka. Rafiki zangu Wakenya, ambao katiba yao ya 2010 iliwaruhusu kuwa na vyote viwili, hunitazama kwa huruma. Mke wangu anasema tunajidanganya, maisha yetu yako huku. Huenda. Mimi nimekwishakula kiapo kimoja kwamba watu watatu ni mimi, na sijawa tayari kula kingine kwamba mmoja wao si mimi tena. Kwa hiyo nahuisha kadi ya ukazi na kuhesabu zile siku 730 za kuwepo nchini kila miaka mitano.

Mwishoni mwa 2021 tulikwenda Dar. Kesho yake nikaenda duka la simu Mlimani City, nikaweka kidole kwenye mashine. Haikusoma. Kingine, haikusoma. Binti wa kaunta akanipa mafuta ya mgando. "Paka kidogo, kaka. Vidole vya baridi hivyo." Kikasoma. Ila namba yangu ya zamani, akaniambia, ilishagawiwa kwa mteja mwingine. Atanipa mpya, na benki watabadilisha nikienda na kitambulisho.

Nilipotoka nje nikaipiga ile ya zamani. Akapokea dada mmoja wa Mbeya, mpole sana. Nikajitambulisha, nikamwambia sina shida, nilitaka tu kujua. Akasema afadhali nimejitokeza: shangazi zangu wamekuwa wakimtumia kadi za michango ya harusi mwaka mzima, na mbili ameshalipa.